Kidoti Alipopanda Ndege na Mafua

Ndugu zangu wazazi, na ninyi ambao bado hamjaitwa baba wala mama, sogeeni karibu. Haya ninayowasimulia hayakutokea kwa watu wabaya. Yalitokea katika nyumba ya watu wanaosalimiana vizuri na majirani, wanaofagia uwanja wao, na wanaompenda mtoto wao kuliko mboni za macho yao. Ndiyo maana naona vibaya kunyamaza.

Mama wa nyumba hiyo alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za wanafunzi, na mkono wake ulisifiwa mtaa mzima. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole, ambaye alitengeneza mabomba ya watu wote huku bomba la jikoni kwake likidondosha maji mwaka mzima. Walikuwa na binti mmoja tu. Alikuwa na alama nyeusi shavuni, kwa hiyo tangu akiwa mchanga watu walimwita Kidoti.

Asubuhi moja ya Jumamosi, Mama Kidoti alikuwa anapinda sketi za buluu, na mtoto alikuwa chini ya meza akijifunga vipande vya vitambaa mikononi. Ikapita ndege ndogo kutoka uwanja ulio pembezoni mwa mji, chini kiasi kwamba bati lilitetemeka. Kidoti akachomoka mbio hadi nje.

"Mama! Ile ndege inajua kwamba mimi niko hapa?"

"Inajua. Unafikiri inampigia nani kelele hizo zote?"

Wakacheka. Baba alikuwa jikoni na spana, amekata shauri kwamba leo ndiyo leo na lile bomba. Nyumba ilikuwa imetulia.

Kisha simu ikalia mezani. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa ametuma video kwenye kundi la familia. Mwanawe alikuwa juu ya farasi mweupe, amevaa kofia, siku yake ya kuzaliwa. Chini ya video ndugu walikuwa wamemwaga sifa: hongera, huo ndio ulezi, wengine tujifunze.

Maneno hayo ya mwisho, wengine tujifunze, yalimchoma Mama Kidoti kama sindano iliyovuka kidole. Akairudia ile video mara kadhaa. Akaweka sketi pembeni.

"Baba Kidoti," akaita, "mwanao atapanda ndege siku yake ya kuzaliwa."

"Ndege ya kwenda wapi?"

"Ya kwenda juu na kurudi. Wao si wamepanda farasi?"

Siku hiyo hiyo akatafuta namba ya klabu ya marubani, akapiga. Aliyepokea alikuwa rubani mwenyewe, mwanamke mwenye sauti ya taratibu.

"Mtoto wa miaka sita tunamrusha, dada, hakuna tatizo," alisema. "Lakini yeye mwenyewe anataka?"

"Ee! Anaota ndege usiku na mchana."

"Vizuri. Basi mlete kwanza siku moja aione, akae ndani, asikie injini inavyonguruma, asije akashtuka. Na siku yenyewe mje asubuhi, kabla jua halijawa kali, hewa ikiwa imetulia. Jambo jingine, na hili nakuomba sana. Akiwa na mafua, hata kidogo, nipigie tu tupange siku nyingine. Pua ikiziba na masikio yanaziba. Tukianza kushuka, sikio linabanwa kwa ndani. Mtu mzima hulia, sembuse mtoto."

"Nimekuelewa, dada."

Alimwelewa kweli. Hilo lazima mlijue, ili mwisho wa hadithi mtu asije akasema mama wa watu hakuambiwa.

Kumpeleka mtoto kuiona ndege hakukuwezekana, maana jioni zote aliketi akimshonea sare ya rubani: shati jeupe, tai nyeusi, na mistari ya dhahabu mabegani. Alipomaliza alimpiga picha, akaitangaza kwenye kundi la familia na kwenye ukurasa wake wa kazi. Jumamosi asubuhi, Kidoti angani, mubashara. Wateja wakapongeza, ndugu wakauliza saa. Wifi hakuandika neno. Mama Kidoti akalala amejaa furaha.

Alhamisi mtoto akaamka anapiga chafya. Ijumaa pua ilikuwa inachuruzika, na mara kwa mara alilivuta sikio lake la kushoto.

"Tuahirishe," alisema mumewe. "Rubani mwenyewe alisema umpigie simu."

"Watu wote wanajua ni kesho."

"Watu wote ndio wenye mtoto?"

"Wewe huyajui mambo haya. Nikiahirisha watasema nilikuwa nadanganya, sina lolote. Dada yako atacheka mpaka adondoke. Mafua ya siku mbili hayajamuua mtu."

Mumewe alichukua spana yake, akarudi jikoni. Alizoea kuepusha ugomvi kwa kunyamaza, na siku hiyo pia alinyamaza. Nalo hilo ni kosa, ndugu zangu. Mama alimnywesha Kidoti dawa ya maji, akampangusa pua, akamkalisha mapajani.

"Kesho shangazi rubani akikuuliza kama unaumwa, utasemaje?"

"Nitasema sikio linauma."

"Hapana, mwanangu. Ukisema hivyo ndege inaondoka bila wewe. Utasema, siumwi. Hebu sema."

"Siumwi."

"Kwa nguvu."

"Siumwi!"

Uwanja wenyewe ulikuwa wa nyasi, na kitambaa kirefu chenye mistari, cha kuonyesha upepo, kilining'inia kwenye mlingoti bila kupepea. Rubani aliwapokea akiwa amevaa buti zenye vumbi. Aliisifu sare, kisha akachutama ili amtazame mtoto usoni.

"Nahodha wangu, umeamkaje? Unaumwa popote?"

Kidoti alimtazama mama yake.

"Siumwi!"

"Mbona macho mekundu hivi?"

"Hakulala," Mama Kidoti aliingilia. "Furaha tu, dada."

Rubani alisita. Lakini mama mzazi amesema, na mtoto amesema. Akamkalisha Kidoti kiti cha mbele juu ya mto mgumu, akamfunga mkanda, akamvalisha vifaa vikubwa vya kusikilizia. Mama akakaa nyuma na simu yake, tayari inarusha picha.

Sitawadanganya: kupaa kulikuwa kuzuri. Kidoti alipiga kelele za furaha magurudumu yalipoachana na nyasi. Aliona mabati yanang'aa, aliona barabara nyembamba kama uzi, aliona mto ambao hakujua kama upo. Rubani alimruhusu kugusa usukani. Kwenye simu, mioyo myekundu ilikuwa inapanda kama mapovu. Mama Kidoti alitafuta jina la wifi yake miongoni mwa watazamaji, akaliona. Alijisikia yuko juu kuliko ile ndege.

Ndege ilipoanza kushuka, Kidoti akanyamaza. Kisha akaweka mkono kwenye sikio.

"Mama, linauma."

"Tabasamu kidogo, watu wanakuona."

"Mama, linauma!"

"Tunakaribia, mwanangu. Punga mkono."

Ndipo mtoto alipopiga yowe. Si kilio cha deko. Lilikuwa yowe la mtu aliyechomwa. Alivua vile vifaa akavitupa, akajikunja juu ya mkanda, akijipiga kichwa kwa kiganja. Rubani aliinua ndege mara moja.

"Dada, weka simu chini umhudumie mtoto! Mpe maji anywe kidogo kidogo. Alikuwa na mafua huyu?"

Mama aliiachia simu. Akaikamata chupa ya maji, ikamponyoka. Rubani alizunguka, akashuka taratibu mno, akamsemesha mtoto maneno laini njia nzima. Lakini hata kushuka taratibu ni kushuka. Walipogusa nyasi, uzi mwembamba wa damu ulikuwa umetoka kwenye sikio la Kidoti, ukadondokea mstari wa dhahabu begani.

Hospitalini daktari alilitazama sikio kwa taa ndogo. Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Alisema mara nyingi huziba yenyewe, lakini sikio lilikuwa na uvimbe hata kabla ya safari, kwa hiyo yeye hawezi kuahidi. Maji yasiingie, dawa zifuatwe, na warudi apimwe.

Kidoti alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, amechoka kulia.

"Mama," alinong'ona, "nilisema vizuri?"

"Ulisema nini, mwanangu?"

"Siumwi. Kama ulivyonifundisha."

Wazazi wenzangu, hakuna kofi linalouma kama swali lile. Mama Kidoti aliuinamisha uso kwenye nywele za mtoto, asijue pa kuuficha.

Wakati huo ile video ilikuwa imeshatapakaa. Mtu aliikata akaacha sehemu ya yowe tu, akaandika juu yake: Rubani katili atoboa sikio la mtoto. Watu ambao hawajawahi hata kupanda ngazi ndefu wakawa mahakimu wa ndege. Baada ya siku chache klabu ilimsimamisha rubani kazi na kufunga safari zote za watoto. Ndugu kwenye kundi waliandika: pole mama, mshitaki huyo mwanamke.

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Mama Kidoti angeweza kunyamaza tu, aonewe huruma, na mwingine aubebe mzigo. Alikaa mbele ya cherehani bila kushona, siku nzima. Jioni akasimama, akanawa uso, akaiegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, akajirekodi bila wanja wala kitambaa cha kutokea.

"Rubani hana kosa," alisema. "Aliniuliza, nikamdanganya. Nilimfundisha na mtoto adanganye. Nilitaka mnione. Basi nioneni."

Akaituma kila mahali alikotangaza safari. Kesho yake alivaa viatu aende klabuni.

"Twende wote," alisema mumewe.

"Uongo nilisema mwenyewe."

"Na mimi nilinyamaza. Twende."

Msimamizi wa klabu aliwasikiliza akiwa amekunja mikono, rubani amekaa pembeni ameinamisha kichwa.

"Unajua kwamba maneno haya yakitoka, watu watakugeukia wewe?" aliuliza msimamizi.

"Yametoka jana. Nimeyatoa mimi."

Rubani aliinua uso. "Nimekusamehe," alisema, "lakini nami nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma. Nimerusha watu miaka mingi. Sasa hata nikipita sokoni naitwa katili."

"Kila atakayekuita hivyo mbele yangu, nitamjibu."

Na alijibu kweli. Alijibu sokoni, alijibu mtandaoni, alijibu kwenye mkutano wa wazazi. Matusi aliyopata hayana mfano. Mwalimu mkuu mmoja alichukua vitambaa vyake akampelekea fundi mwingine, akisema hawezi kumkabidhi sare za watoto mtu wa namna hiyo. Mama Kidoti alivifunga vitambaa vile vizuri, akamkabidhi, wala hakubishana. Rubani alirudishwa kazini, na klabu ikaweka sharti: mtoto yeyote aonwe na daktari kabla ya kupaa.

Wifi naye alikuja. Mama Kidoti alijiandaa kuchekwa. Badala yake wifi aliketi, akachezea kamba ya mkoba wake.

"Wifi, yule farasi," alisema, "mtoto alilia mpaka akajikojolea. Nilikata sehemu ile. Mpaka leo akiona mbwa mkubwa anatetemeka."

Walitazamana. Hawakujua wacheke au walie, wakafanya yote mawili.

Sikio la Kidoti liliziba, ila kusikia kwake upande wa kushoto hakukurudi kote. Darasani anakaa mbele. Lakini jeraha lililomsumbua zaidi mama yake halikuwa la sikio. Tangu siku ile, kila alipoulizwa hali yake, Kidoti alijibu haraka kama askari: "Siumwi!" Akianguka na goti likichubuka, siumwi. Akiwa na homa mwili unawaka, siumwi. Mama akaapa kwamba atalifumua neno lile kama mshono uliokosewa, hata ikichukua miaka. Kila jioni aliacha kazi, akakaa naye chini, akamuuliza, akangoja, wala hakumkatisha. Yeye mwenyewe alianza kusema: leo mgongo unaniuma, leo nimeudhika, leo naogopa. Mtoto alisikiliza, na zamu yake ikifika, siumwi. Miezi ikapita hivyo.

Alasiri moja kazi ilikuwa imejaa hadi mlangoni na wateja wawili wamesimama wakisubiri. Kidoti akaja, akashika ukingo wa meza.

"Mama, tumbo linaniuma. Linauma sana."

Mama Kidoti alitoa mguu kwenye cherehani, sketi ikabaki nusu imeshonwa. Akambeba mtoto, akawaambia wateja, "Nisameheni, mwanangu anaumwa." Akatoka naye mbio kuelekea zahanati, machozi yanamtiririka na uso wote unatabasamu, wateja wakabaki wanatazamana.

FUNZO

Wapeni watoto furaha, hata ya kupanda ndege, hakuna aliyekatazwa. Lakini kabla hujaipanga, jiulize ni ya nani. Kama mtoto akisema "sitaki" au "naumwa" unaona haya mbele ya watu, basi jua kwamba sherehe si yake. Mtaalamu akikupa sharti, lifuate, hakulitunga kukuudhi. Wewe uliye pembeni na unaona kosa, usinyamaze kwa ajili ya amani ya nyumba. Na umeshakosea? Simama useme, hata kama umechelewa, kwa sababu kuna mtu mwingine anaubeba mzigo wako. Zaidi ya yote, usimfundishe mtoto kuficha maumivu yake. Atajifunza upesi, na kumfundisha upya ni kazi ya miaka.