Mchoraji Aliyevaa Kitenge

Bernadeta anaishi Mkuyuni, Mwanza, na binti yake Hellen. Asubuhi anauza dagaa sokoni. Mchana anashuka mwaloni, kando ya ziwa, kuchora kwenye mitumbwi ya wavuvi. Anachora samaki, ndege na majina.

Siku moja shule ya Hellen ilitafuta mchoraji. Ukuta wa darasa la kwanza ulihitaji herufi na picha za wanyama. Bernadeta alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee Shigela.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba kazi ya kuchora."

"Marahaba. Nani anachora?"

"Mimi."

Mzee Shigela alicheka. "Mama Hellen, wachoraji tunawajua. Wana rasta, miwani myeusi na jinzi zilizochanika. Wewe ni mama wa dagaa."

Bernadeta alirudi nyumbani. Akasukuma makopo ya rangi chini ya kitanda.

"Mama, leo huendi mwaloni?" aliuliza Hellen.

"Siendi. Wanasema sifanani na mchoraji."

Hellen aliumia sana moyoni.

Kesho yake Mwalimu Apiyo aligawa wanasesere wa karatasi darasani. Hawakuwa na nguo wala nywele.

"Kila mmoja amvalishe wake awe mchoraji," alisema.

Watoto walikata karatasi, wakapaka rangi, wakabandika. Hellen alimvalisha wake kitenge na kilemba. Alexander, aliyekaa naye, akacheka.

"Huyo anakwenda sokoni! Mbandike rasta."

"Simbandiki."

"Utakosa!"

"Nikose! Huyu ni mama yangu. Anachora kukuzidi wewe!"

Mwalimu Apiyo akawapanga wanasesere mezani. Wote walikuwa wanaume wenye rasta, isipokuwa mmoja.

"Nani amewahi kumwona mchoraji akifanya kazi?" aliuliza.

Hellen peke yake alinyoosha mkono.

"Basi hawa wengine mmewatoa wapi?"

"Kwenye video," alijibu Alexander kwa sauti ndogo.

"Mwenye rasta anaweza kuchora," alisema mwalimu. "Mwenye kilemba anaweza. Mwenye kanzu anaweza, na anayetembelea kiti cha magurudumu pia. Nguo hazichori. Ukitaka kumjua mchoraji, tazama kazi yake."

Jioni Hellen alimsimulia mama yake yote. Bernadeta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akavuta makopo yake.

Jumamosi wazazi walikutana shuleni, katika darasa la kwanza. Bernadeta alisimama mbele yao akiwa na kipande cha mkaa mkononi.

"Mzee Shigela, leo siombi. Leo nachora. Mkiona ni vibaya, nitafuta mwenyewe."

"Mama Hellen, kaa chini!"

Hakukaa. Alichora ukutani mgongo mpana, masikio madogo, mdomo mkubwa. Pembeni akaandika herufi K.

"Kiboko!" watoto walipiga kelele dirishani.

"Mwacheni amalize!" alisema mzazi mmoja. Wengine wakaitikia.

Mzee Shigela alisogea karibu. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Nilikosea," alisema mwishowe. "Kazi ni yako."

Baada ya wiki mbili ukuta ulijaa rangi. Watoto wa darasa la kwanza walisoma herufi huku wakizigusa kwa vidole. Shule nyingine ya jirani ikamwita Bernadeta.

Siku ya kukabidhi kazi alikuja mpiga picha.

"Mama, kabadilishe nguo kwanza," alisema. "Uonekane msanii."

Bernadeta alisimama mbele ya ukuta wake, kitenge kikiwa na madoa ya rangi.

"Hii ndiyo nguo niliyochorea," alisema. "Piga."