Kizingiti cha Mama wa Mwashi

Ndugu zangu, sikilizeni, na wa kununa anune.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Mwashi alikuwa akipiga lipu kizingiti cha mama yake mzazi, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Nyumba yake ilikuwa ya chini kabisa mtaani. Mama alimtazama kutoka kitandani, redio ikiimba taratibu. Kizingiti kilifika magotini.

"Mwanangu, hapo nitapitaje?"

"Nitakubeba, mama. Maji hayatakugusa tena."

Kila masika barabara iligeuka mto, na kila nyumba ilimwita mwashi. Huyu akiinua kizingiti tofali moja, jirani anaongeza mawili. Wote wakajiona wajanja! Na mtaro uliokuwa umeziba mbele ya milango yao? Nani ashike uchafu wa watu!

Mshonaji wa nyumba ya pili ndiye pekee aliyepiga kelele.

"Kaka, hiyo mifuko mitupu ya saruji unaitupa wapi?"

"Muulize upepo, dada," mwashi akajibu, akacheka. Hata haya hakuona.

Mchana mvua ikamwagika. Mwashi alikuwa kazini mtaa wa juu, roho kwatu, mpaka mshonaji alipotokea amelowa chapachapa.

"Mama yako! Nimemwegemeza dirishani, siwezi kumbeba peke yangu!"

Maji yaliyofukuzwa kwenye milango yote ya juu yalikuwa yamezunguka uani kwa mama, yakaingia kwa nyuma. Kizingiti imara cha mbele kikayazuia yasitoke. Kwa mtu aliyesimama yalikuwa ya magotini tu. Kwa mama, aliyeanguka kutoka kitandani, yalikuwa ya shingoni. Alikuwa ameng'ang'ania nondo za dirisha.

Mwashi alimnyanyua.

"Ulisema utanibeba," mama akanong'ona. "Nilikuita mpaka sauti ikaisha."

Alimlaza juu ya meza ya mshonaji, akarudi na nyundo, akakivunja kizingiti huku analia mbele za watu.

Mvua ilipokatika, mtaa mzima ulishuka mtaroni na majembe. Chini ya kidaraja wakakutana na kitu kigumu kilichokataa kutoka: mifuko ya saruji iliyogandana na vifusi vya mwashi. Macho yote yakamgeukia. Lakini msimsute peke yake! Ndani ya lundo lile mlikuwa na nepi zenu, chupa za mwenye duka na godoro la yule aliyekuwa akimnyooshea kidole.

Mama alipona, ila mpaka leo wingu likitanda anaomba atolewe nje.

Funzo

Mtaro ni wa wote. Ukiinua mlango wako na kuuacha mtaro umeziba, maji umemsukumia mwenzako, na mwenzako huyo anaweza kuwa mama yako. Acheni kutupa taka mtaroni. Zibueni kabla ya mvua, msingoje mzee aite mpaka sauti imwishe.