Hodi ya Kisigino

Rafiki yangu msanifu majengo alichora jumba la kuhifadhi nyumba ya kale iliyofukuliwa. Wageni wanatembea juu ya sakafu ya kioo, nyumba iko chini yao. Kioo kimezibwa pande zote, hata sisimizi hapenyi. Chumba kimoja mlango wake ulijazwa mawe tangu enzi hizo, na waliofukua nyumba wakakubaliana usiguswe. Kila rafiki yangu alipopita juu yake, aligonga kioo kwa kisigino na kusema, "Hodi wenyewe!" Mzaha tu.

Jioni moja umeme ukakatika. Chini ya miguu yake akasikia mawe yakiburutwa, moja moja, bila haraka.

"Ukakimbia?" nilimuuliza.

"Nikimbilie wapi, ndugu yangu? Nilisimama tu. Hata woga sikuuhisi."

Taa zikawaka. Mlango ulikuwa wazi, na mawe yamepangwa vizuri, upande wa ndani.