Vitanzi Vilivyosogea

Pwata, pwata, pwata. Ngendo aliisikia sauti hiyo kabla hajaliona bwawa. Ilitoka nyuma ya ua wa katani, kavu na ya haraka, kama shuka inayopigwa na upepo kambani. Akashuka kwenye pikipiki, akasimama vumbini na kukunja uso. Hilo lilikuwa tanga. Mtu alikuwa amekwisha kulifunga, na Ngendo hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Kila Jumamosi, akimaliza kufua sare na kupiga deki, Ngendo alitoka kwao Ngoingwa kuja Gatuanyaga. Huko, katika bwawa pana la shamba moja la zamani, Madam Wilkister aliwafunza vijana kuendesha ubao wa tanga. Unasimama juu ya ubao, unashika ufito unaolizunguka tanga, na upepo unakusukuma. Tanga la kuwafaa wasichana lilikuwa moja tu, kwa hiyo Ngendo alilitumia kwa zamu na Firdaus, msichana aliyetoka Kiuu, kule Ruiru.

Siku hiyo haikuwa ya mazoezi tu. Madam angemchagua mmoja wao kwenda kwenye mashindano ya Naivasha, na sharti lilikuwa moja: ajue kupaa. Ubao ukienda polepole huyalima maji kama plau. Lakini upepo ukizidi, na aliye juu yake akijua kuutumia, ubao hupanda ukateleza juu ya maji. Huko ndiko walikokuita kupaa. Firdaus alikuwa amewahi kupaa. Ngendo bado.

Sababu aliijua, au alidhani anaijua. Kwenye ule ufito kulikuwa na vitanzi viwili vya kamba, kimoja kila upande. Mwendeshaji hufunga kiunoni mkanda wenye ndoano, akaiingiza ndoano kwenye kitanzi, kisha akauacha mwili uning'inie, ili uzito wake ushindane na upepo badala ya mikono. Lakini kila Ngendo alipolipokea tanga kutoka kwa Firdaus, alikuta vitanzi si pale alipoviacha. Vilikuwa vimesogezwa. Basi hakuthubutu kuning'inia. Alishikilia kwa mikono mpaka ikawaka moto, na ubao ukaendelea kulima.

"Sasa, Ngendo," Firdaus alimwita alipomwona. "Nimeshafunga tanga."

"Nani alikutuma?"

Firdaus alicheka kidogo akidhani ni mzaha, akaenda bandani kutafuta jaketi la kuelea.

Kagwe, mvulana wa Ngoingwa, alikuwa ameketi juu ya ubao wake akitafuna mahindi ya kuchoma. "Kwani wewe ni mtoto wake?" akauliza. "Mimi nikifungiwa tanga na mtu ninayeshindana naye, kwanza nahesabu vidole vyangu nione kama vyote vipo."

"Wacha hizo, Kagwe."

"Nimenyamaza. Lakini huyo ni wa Kiuu. Huko watu huamka mapema kwa sababu."

Maneno hayo yalimchoma, na mwiba ukabaki ndani. Kweli, mtu mwema kiasi hicho anatafuta nini? Ngendo akatazama huku na huku. Madam alikuwa akiongea na mlinzi wa shamba, na Kagwe alikuwa ameinamia hindi lake. Dawa ya moto ni moto, Ngendo akajiambia. Akainama kana kwamba anakagua tanga, akavisukuma vitanzi vyote viwili nyuma, shibiri nzima.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Firdaus. Upepo ulishuka kutoka upande wa Kilimambogo na kuyakunja maji. Firdaus aliingiza ndoano, akaegemea nyuma kama kawaida yake. Upepo ukapiga kishindo kimoja. Tanga likajifunga ghafla kama mlango, likamnyanyua Firdaus na kumvurumisha mbele ya ubao. Madam aliingia majini na nguo zake zote.

Firdaus alitoka akitetemeka, kiwiko kimebanwa kifuani. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Vitanzi vilikuwa nyuma sana, Madam," alisema. "Ni makosa yangu. Sikuvikagua."

"Nani amegusa tanga hili?"

Kagwe alisema pengine kamba zimelegea. Ngendo alitazama vidole vyake vya miguu. Alijua kwamba akinyamaza, Naivasha ni yake peke yake. Akanyamaza.

Madam alimfunga Firdaus kitambaa, kisha akageuka. "Ngendo, zamu yako."

Alipofika penye tanga, alimkuta Firdaus amepiga magoti, akivirekebisha vitanzi kwa mkono mmoja.

"Wacha, nitaviweka mwenyewe," Ngendo alisema kwa ukali.

"Utaviweka pale pa asubuhi halafu utahangaika. Upepo ukizidi, mvuto wa tanga hurudi nyuma kidogo. Ndiyo maana nikimaliza zamu yangu nakusogezea vidole viwili. Wewe kila siku unapokea tanga upepo ukiwa mkali."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Ukaniambia hukuomba ushauri wangu. Nikaona nisogeze tu, kuliko tugombane."

Ngendo akakumbuka. Ni kweli alisema hivyo, tena mbele ya watu.

Hata hivyo shaka haifi kwa neno moja. Alipofika katikati ya bwawa ilikuwa bado inamnong'oneza. Kama Firdaus anajua? Kama analipiza? Mikono ilimuuma. Ufukwe ulikuwa mbali, na ndoano ilining'inia kiunoni bila kazi. Akakitazama kitanzi. Kisha akavuta pumzi, akaingiza ndoano, akaachia uzito wake wote uende.

Kitanzi kilimbeba. Mikono ikawa myepesi. Pua ya ubao ikainuka, kelele za maji chini ya miguu zikapungua, na maji yaliyokuwa mazito kama uji yakawa magumu kama lami. Alikuwa akipaa. Upepo ulimvuta naye akauvuta, na kati yao hapakuwa na kitu ila kipande cha kamba alichowekewa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemuumiza.

Aliporudi Kagwe alipiga mluzi. Madam alikuwa akitabasamu. "Basi, nadhani Naivasha tumepata—"

"Madam, ni mimi niliyevisogeza vitanzi," Ngendo alisema. "Nilidhani Firdaus ananiharibia."

Tabasamu la Madam likazimika. Akakamua maji kwenye pindo la sketi yake.

"Kuwa na shaka si kosa," alisema hatimaye. "Mwenye shaka huuliza. Wewe ulimshtaki mwenzako, ukajiletea ushahidi, ukatoa hukumu, na mshtakiwa yuko bandani anavaa jaketi. Hiyo ni kesi gani? Angevunjika shingo, ungempelekea nani pole? Umepaa leo kwa sababu ulikubali kuuamini mkono wa mtu mwingine. Asiyeamini mtu yeyote hulima maji maisha yake yote. Nafasi ni ya Firdaus, mkono wake ukipona. Usipopona, hatutapeleka msichana."

"Ndiyo, Madam."

Ngendo alimwendea Firdaus, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi akimtazama bila kupepesa macho.

"Nimeumia, Ngendo," Firdaus alisema. "Na sasa mimi ndiye nitakayekuwa nikikushuku. Nitalitumiaje tanga ambalo wewe umelishika?"

Ngendo alipiga magoti ili macho yao yawe sawa.

"Una haki," alisema, kwa sauti ambayo Kagwe na Madam waliisikia pia. "Nakuahidi, Firdaus: sitagusa kamba yako tena usipokuwa unanitazama. Na nikiwa na shaka na wewe, nitakuuliza wewe kwanza, kwa mdomo wangu, kabla sijamsikiliza mtu mwingine yeyote."