Figa la Kwenkuvi

Jioni ile figa moja lilipasuka. Lilipasuka kwa mshindo kama gobole, sufuria ikalala ubavu, na maharage ya Jenoveva, yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaanza kulainika, yakamwagika yote majivuni.

"Hilo ni jiwe la mtoni," alisema Dorkasi, mwenye nyumba, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko na mikono kifuani. Pole hakusema. "Limelala majini tangu liumbwe, wewe unalitia motoni. Kwenu hawajui?"

"Kwetu wanajua, bibi. Mimi ndiye niliyekuwa Chuo Kikuu."

Dorkasi hakucheka. Tangu Jenoveva ashuke kwenye basi la kutoka Mombo, na kichefuchefu cha kona zote zile, hakuna mtu aliyecheka kwa utani wake. Alipangiwa kufundisha historia shule ya sekondari, yeye Mfipa wa Sumbawanga, akaja na binti yake Klara ambaye hajafika hata umri wa darasa la kwanza. Baba wa Klara alibaki Dar es Salaam akijenga ujamaa kwa mdomo.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni. Huko tambarare watu walikuwa wanahamishwa na nyumba zinabomolewa, na huku milimani kila mtu aliamini zamu yake inakuja. Kwa hiyo mwanamke mgeni, msomi, asiye na mume wa kuonekana, anayepanda vilima kila Jumamosi akiuliza nani aliishi hapa na waliondoka lini, hakuhitaji kujieleza. Watu walikwisha kumweleza wenyewe. Walimsalimu, kwa kuwa salamu huku hainyimwi mtu, kisha wakafunga midomo. Alikwenda Vuga kutazama palipokuwa makao ya watawala wa kale. Alikuta migomba, na mbuzi mmoja aliyemtazama kwa dharau kubwa kuliko wanakijiji wenyewe.

Lakini alikuwa ameyaona mahame ya Kwenkuvi, juu ya kilima nyuma ya shule. Palikuwa kijiji zamani. Sasa ni miti ya miwati, magugu na misingi ya nyumba za mviringo, na katikati ya msingi mmoja, mafiga matatu mazuri ajabu, meusi, laini, yaliyokwisha kupimwa na moto wa miaka mingi. Hayo hayapasuki.

"Nishikie Klara kidogo, bibi. Naenda kutafuta jiwe."

"Giza linaingia."

"Sichelewi."

Na kweli hakuchelewa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miwati, na njia ilinuka majani mabichi na udongo baridi. Aliyakuta mafiga chini ya magugu, akalikumbatia moja, akalivuta. Liling'oka kwa sauti ndogo, kama jino.

Lilikuwa na joto.

Jua, alijiambia. Ila jua hawakuwa wameliona wiki nzima. Aliyatazama majivu kati ya mafiga. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, kila jani linadondosha maji... na majivu yale yalikuwa makavu.

Nyuma yake kitu kikagonga. Ko. Ko. Ko.

Ni sauti anayoijua kila mtu aliyelelewa jikoni: mwiko unaokung'utwa kwenye ukingo wa chungu.

Jenoveva alijitwika jiwe akashuka, bila kukimbia, maana kukimbia ni kukiri. Njiani alikutana na mzee Shabani, akitoka kukata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini, mwalimu?"

"Jiwe."

"La wapi?"

"La huko juu."

Mzee Shabani alilitazama. Kisha akashusha mzigo wake wa majani, akatoka njiani, akaingia kwenye maji ya mfereji mpaka magotini, amwache apite mbali naye.

*

Siku zilizofuata Klara alianza kushiba.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

"Umekula wapi?"

"Kwa bibi."

Jenoveva aliona aibu kidogo, akaenda kwa Dorkasi kushukuru. Dorkasi alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama.

"Mtoto wako hajala kwangu hata ganda la kiazi. Usinisingizie wema."

"Anasema amekula kwa bibi."

"Mabibi ni wengi."

Asubuhi ameshiba. Mchana ameshiba. Jioni anausukuma ugali kwa kidole, kwa adabu, kama mgeni aliyekula njiani. Na huku ameshiba hivyo, gauni likaanza kumpwaya, shingo ikawa nyembamba, macho yakawa makubwa. Zahanati walisema minyoo, wakampa dawa ya minyoo. Hakuna mnyoo aliyetoka. Usiku mtoto akipumua, Jenoveva alisikia kwenye pumzi yake harufu ya moshi. Si wa kuni zao. Wao walichoma miwati na mikaratusi. Huu ulikuwa mzito, mtamu kidogo, moshi wa mti ambao pengine huku haujakatwa tangu enzi za Mjerumani.

Alhamisi moja vipindi vilikatizwa, ukungu umeingia madarasani hadi ubao hauonekani. Jenoveva alirudi nyumbani mapema. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake.

Hakuwa ameacha moto.

Alisogea taratibu. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Ndani, mtu alikuwa ananong'ona, kwa upole, kama wanavyonong'onezwa watoto wagonjwa.

"Fungua mdomo... haya... lingine."

Ko. Ko. Ko.

Klara alikuwa amekaa chini mbele ya mafiga, ameinua uso, amefumba macho. Mdomo unafunguka. Mdomo unafumba. Anatafuna. Anameza. Koo linapanda na kushuka.

Mbele yake hapakuwa na mtu.

Jenoveva aliusukuma mlango, akamnyakua. Midomo ya mtoto ilikuwa imepakwa majivu. Alimtia kidole mdomoni, akakitoa kikiwa cheusi mpaka kwenye kifundo.

"Mama," Klara alilalamika, "bibi hajamaliza."

*

"Mimi si mganga," alisema Dorkasi. "Mimi ni Mlutheri. Usije kwangu na mambo ya majivu."

"Bibi, mtoto anakufa."

"Naona. Nina macho."

Alikuwa amekaa barazani, na hakumkaribisha aketi. Alichosema alikisema akitazama kabichi zake.

"Huku mtu akihama anachukua moto, kijinga kimoja tu, anakwenda kuwashia huko aendako. Mafiga anayaacha. Hata akihama kwa hasira, anayaacha. Ukichukua figa, umemchukua mpishi wa nyumba ile. Mtoto wa miaka minne anajua. Wewe kutwa unauliza historia, historia; hilo hukuuliza."

"Na nani angenijibu?"

"Hakuna," alikiri. "Tulidhani umetumwa kuipima ardhi."

"Mpishi wa Kwenkuvi ni nani?"

"Sijui jina. Vita ya kwanza ya Wazungu, askari walikomba vyakula vyote kuwalisha wapagazi. Watu wakakimbia. Yeye alikuwa na mtoto mgonjwa, akasema hakimbii, anapika. Mama yangu alipita pale baada ya siku nyingi, akamkuta bado anapika."

"Anapika nini, na chakula kimekombwa?"

"Mama hakuchungulia. Mtoto mwenye akili hachungulii chungu cha mtu." Dorkasi aliinuka. "Rudisha jiwe lake. Leo, kabla giza halijashika. Liweke, ondoka, usiketi hata ukikaribishwa."

"Nishikie Klara."

"Mimi?" Alikwisha kuingia ndani. "Siachiwi huyo."

Komeo likaanguka.

*

Alimfunga Klara mgongoni kwa kanga, akajitwika jiwe. Mtoto hakuwa mzito kuliko furushi la nguo, na jiwe lilikuwa zito kuliko siku ile alipolishusha. Ukungu ulimeza shule, ukameza njia, ukabaki mzunguko mdogo wa majani kuzunguka miguu yake.

"Tunakwenda kwa bibi?" Klara aliuliza sikioni.

"Tunamrudishia kitu chake."

"Atafurahi. Anaumia."

Jenoveva hakuuliza anaumia wapi.

Moto aliuona kabla ya kufika. Mwekundu, mdogo, katikati ya msingi wa nyumba isiyo na kuta. Juu ya moto chungu. Nyuma ya chungu mwanamke ameketi chini, amejitanda kaniki, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesinzia jikoni. Mguu mmoja ameukunja. Mwingine ameunyoosha...

Jenoveva alitazama. Akatazama tena, kwa kuwa akili ilikataa mara ya kwanza.

Chungu kilikaa juu ya mafiga mawili na mguu.

Kisigino kilikuwa ndani ya makaa. Ukingo wa chungu ulilala juu ya vidole. Ndimi za moto zilipanda kwenye muundi, zikalamba, zikashuka, na mwanamke hakuusogeza mguu wake hata kidogo, chungu kisije kikamwagika.

"Umekawia," alisema.

"Nimeleta... Nimelirudisha, bibi. Nisamehe. Sikujua."

"Nyanyua chungu."

Ndivyo ilivyobidi. Figa haliingii chini ya chungu kilichokaa. Jenoveva alilitua jiwe, akapiga magoti, akashika chungu kwa ncha za kanga, akainua. Mvuke ulimpiga usoni, akafumba macho. Akasikia mguu unatolewa kwenye makaa, polepole, na pumzi ndefu ya mtu aliyepumzishwa. Akasikia jiwe linaburutwa mahali pake.

Na mgongoni, kwa kitambo cha pumzi moja, hapakuwa na uzito wowote.

Kanga ililegea. Kisha ikakaza tena.

"Weka," alisema mwanamke.

Aliweka. Alipofumbua macho alichungulia. Hakuweza kujizuia, ndiyo tabia iliyomfikisha hapo. Ndani ya chungu kulikuwa na maji yanayochemka. Maji matupu.

"Karibu uketi," alisema mwanamke, kwa furaha sasa. "Huko kwako mtoto wangu hatakaa na njaa tena."

Jenoveva alikuwa amekwisha kugeuka. Safari hii alikimbia.

*

Alifika nyumbani viatu vimejaa tope, kifua kinawaka. Aliifungua kanga, akamshusha mtoto kwenye jamvi la jikoni, akamgeuzia kwenye mwanga wa kibatari. Klara. Uso wa Klara, gauni la Klara, kovu la Klara kwenye kidevu. Alimpapasa kila mahali kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Mama," mtoto alisema. "Nina njaa."

Jenoveva alilia. Aliangua kilio pale pale, kamasi na yote, yeye aliyewadharau sana wanaolia. Majuma mangapi amelisubiri neno hilo! Alimpa kiazi kibichi cha kushika kwanza, atulie, na mtoto akakila kibichi, na ganda lake, na udongo wake. Akanyoosha mkono apewe kingine.

"Polepole, mwanangu. Nakupikia sasa hivi."

Aliwasha moto. Alitia maji kwenye sufuria, akapima unga kwa macho, akaongeza, akaongeza tena. Mlango wa Dorkasi ulifunguka ng'ambo ya ua, mwanga ukatoka, na Dorkasi akaita.

"Mwalimu! Umerudi?"

"Nimerudi, bibi! Anakula!"

Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kujibiwa: "Nani?"

Mlango ukafungwa.

Jenoveva aligeuka kuteleka sufuria, ndipo alipokumbuka. Moto ulikuwa unawaka kati ya mafiga mawili. La tatu halikuwapo. Alitazama huku na huku atafute tofali, bati, chochote.

Mtoto alikuwa amekwisha kujisogeza motoni. Alikunja mguu mmoja. Ule mwingine akaunyoosha taratibu, kama yule mwanamke wa Kwenkuvi, akaingiza kisigino ndani ya makaa, akavielekeza vidole juu.

Hakupiga kelele. Wala hapakuwa na harufu ya kuungua.

Jenoveva alisimama na sufuria mikononi.

"Weka tu, mama," mtoto alisema. "Nimezoea."