Wimbo wa Kukamulia Ng'ombe

Jumamosi hiyo gulio la mji wa Ennis lilijaa pomoni, manyunyu yanadondoka, watu wananusa mikate. Muireann alikatiza katikati ya meza na koti lake la kijani kibichi, mkoba wa fidla mgongoni. Kugeuka tu, mkoba ukakumba jibini mezani pa muuzaji mmoja, Fiachra, likabingirika mpaka kwenye dimbwi.

"Dada, huo mzigo wako una leseni?" Fiachra akamuuliza.

"Na jibini lako je? Mbona limekimbia baada ya kuniona?"

Wakacheka. Jumamosi iliyofuata Muireann alipita tena, safari hii bila fidla, midomo kaipaka rangi. Taratibu, taratibu, mpaka pete ikaingia kidoleni.

Kwetu hapa, bibi arusi akiwa mpiga fidla, watu husahau gauni lakini wimbo alioingia nao kanisani hawausahau. Kuuchagua, Muireann alimwachia mchumba wake. Jioni moja jikoni, chai inafuka mvuke, Fiachra akafumba macho, akauimba puani, polepole.

"Huu hapa. Ulikuwa wa baba."

Muireann akaweka kikombe chini. "Mpenzi, huo ni mwendo wa maziko! Unataka niingie kanisani kama jeneza?"

Kicheko kikamponyoka. Hapo ndipo alipoharibu. Fiachra alivaa koti, vifungo vikapishana.

"Basi chagua mwenyewe. Fundi si wewe?"

Tangu hapo Fiachra hakupokea simu zake. Padri akawa anauliza nyimbo, na Muireann hajui hata kama bwana arusi bado yupo. Akabeba fidla yake hadi kwa Mama Nuala, mamake Fiachra, akamkuta anamenya viazi.

"Mama, nimemkosea mwanao. Nimeucheka wimbo wa baba yake."

"Upi huo?"

Muireann akauimba. Kisu kikasimama.

"Polepole hivyo? Marehemu angesinzia! Yeye aliupiga mluzi akikamua, ng'ombe wanapunga mikia. Siku ya kumzika ndipo wapiga fidla wakaupunguza mwendo. Si unajua tunavyosindikizana, mtu na wimbo wake? Fiachra alikuwa mdogo, akabaki na ule wa kaburini." Akagonga kisu kwenye sufuria, haraka haraka. "Hivi, mwanangu. Hivi!"

Muireann akaufuata mdundo huo kwa fidla hadi ukamkaa vidoleni. Kisha Mama Nuala akampigia mwanawe kwa simu yake mwenyewe, akaisogeza karibu na nyuzi.

"Mama?" Fiachra akaitika. Fidla ikamjibu.

Upande wa pili Fiachra akanong'ona: "Baba... yuko zizini."

"Nisamehe, kipenzi."

"Muireann! Umeiba simu ya mama?"

"Kaishika mwenyewe, anacheza na kisu mkononi. Utanioa?"

"Swali hilo nilishakuuliza mimi."

"Basi jibu!"

"Rudia wimbo kwanza."

Siku ya arusi, Muireann aliingia na gauni la rangi ya maziwa, fidla begani badala ya maua mkononi. Mlangoni aliuanza polepole, kama Fiachra alivyoukumbuka. Alipofika katikati akauachia ukimbie kama zizini. Viatu vikaanza kugonga sakafu ya mbao, na cha padri kimo. Fiachra analia na kucheka kwa pamoja.

Na Mama Nuala, mwenye kuwakemea watu wakikohoa tu kanisani, akakunja midomo, akapiga mluzi.