Mteja wa Rangi Nyeupe

Duka la rangi lilijaa mafundi asubuhi ile, kila mmoja akitaka ahudumiwe kwanza. Muuzaji, dada wa gauni la kijani na kilemba kilicholegea, alimwona yule kaka mrefu nyuma ya wote, vifungo vya shati lake vimefungwa upande.

"Nyeupe tena?" akamwuliza. "Nyumba gani hiyo haiishi kupakwa?"

"Si nyumba. Nachora picha. Nikimaliza naifunika, naanza upya juu yake."

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Tangu mama yake afariki, moyo wake ulikuwa umeingia ganzi, na alijiwekea sheria ya ajabu: picha isiyomgusa yeye mwenyewe haifai kuonwa na mtu. Kwa kuwa hakuna kilichomgusa, hakuna aliyeona kitu. Hata dada yake, aliyeishi naye nyumba moja, hakuruhusiwa kuingia chumbani alimochorea.

Muuzaji akampenda hivyohivyo. Mapenzi hayana akili. Wakaanza kupigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Sikumbuki."

"Basi hujala. Kula, nasubiri hapahapa kwenye simu."

Siku moja muuzaji akakubali kuchorwa. Alikaa na gauni lake la kijani, shingo ikimuuma, amekatazwa kuongea, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Akaahidiwa kuiona picha kesho yake. Alipofika, alikuta turubai jeupe, rangi bado mbichi.

"Umenifuta."

"Sikukufuta wewe. Niliitazama, sikuhisi kitu."

"Hukuhisi kitu? Na aliyekaa pale alikuwa nani, kiti?" Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Simu zikanyamaza. Dukani alichanganya rangi kimyakimya, aliyetaka bluu akapewa kijivu. Kaka naye alikaa mbele ya turubai, hana uchungu wala hamu, akijua tu kwamba jioni hazina tena wa kumwuliza kama amekula. Mwishowe akapiga.

"Njoo nikuchore tena."

"Ili unifute tena?"

"Njoo ukae mpaka ikauke. Ukiwepo huenda nikashindwa kuifunika."

"Nitavaa nyekundu," akasema. "Ya kijani umeshaiua."

Kaka alichora mchana kutwa. Kisha akarudi nyuma, akatazama, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la nyeupe.

"Umehisi nini?" muuzaji akamwuliza.

"Hakuna."

"Mimi nimehisi. Nani alikuambia wewe ndiye mwamuzi peke yako? Ukiifunika, mpenzi, sirudi. Wala sitakununia. Nitakuwa nimechoka tu."

Kaka alisimama pale, kopo mkononi. Kisha akaliweka chini, akafungua mlango.

"Dada! Njoo utazame."

Dada yake aliingia polepole, kama aliyeingia nyumba ya watu. Akaitazama picha, akamtazama mgeni, akarudi kwenye picha.

"Sikio moja kubwa," akasema.

Kaka akafumba macho.

"Utalizoea, wifi," muuzaji akajibu.

Dada mtu akamgeukia kaka yake kwa macho ya kuuliza. Kaka alikuwa anaogopa, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Anaogopa mno kumpoteza huyu aliyevaa nyekundu.

"Ndiyo," akasema, sauti ikitetemeka. "Atalizoea."